Nilivua Spaiki, Nikavaa Buti

Miaka yote niliyokimbia mita 1,500, maisha yangu yaliongozwa na tarehe. Mashindano ya taifa yakishapangiwa siku, kocha anahesabu kurudi nyuma: miezi ya mbio ndefu za polepole za kujenga msingi, kisha vilima, kisha mizunguko ya mita 400 inayopimwa kwa saa ya mkononi, kisha majuma mawili ya mwisho mazoezi yanapunguzwa ili miguu iwe myepesi siku yenyewe. Mwili wa mkimbiaji huandaliwa hivyo. Unachoshwa, unapumzishwa, unafikishwa kileleni siku moja, halafu unaachwa ushuke. Ukiamka na mafua siku hiyo, mwaka umekwenda. Ukiamka salama, unasimama kwenye mstari ukijua kwamba hujawahi kuwa tayari kama ulivyo saa hiyo, na hisia ile sijaipata mahali pengine popote.

Jeshini hakuna tarehe. Hilo lilinichukua muda mrefu kulielewa kuliko kwata, kuliko bunduki, kuliko kuamshwa usiku wa manane na filimbi. Naliandika kwa sababu kuna wanariadha, hasa mabinti, wanaonitafuta wakiuliza kama waache michezo wajiunge na jeshi. Huwa nawajibu kwa urefu, na jibu langu halijawahi kuwa ndiyo wala hapana.

Kwanza kuna mambo mawili yanayochanganywa. Wapo wengi walioingia jeshini na riadha ikaendelea humo humo, tena ikastawi. Abebe Bikila alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie aliposhinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960, akikimbia peku, na akashinda tena Tokyo mwaka 1964. Juma Ikangaa alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Ujerumani, Italia na Ufaransa zina utaratibu wa kuwaajiri wanamichezo jeshini ili waendelee kushindana, na tangu mwaka 1948 lipo Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi, ambalo michezo yake ya kwanza ya dunia ilifanyika Roma mwaka 1995. Hiyo ni njia ya heshima, na imewapa wanariadha wengi mshahara na utulivu ambao vilabu haviwezi kuwapa. Mimi sikupita njia hiyo. Niliacha. Niliingia jeshini kuwa askari, nikijua kwamba hakuna atakayenipangia ratiba ya mazoezi wala kunipa ruhusa ya kwenda mashindano.

Sababu ilikuwa daraja. Tulikuwa kambi ya mazoezi milimani, mvua ikanyesha mfululizo, mto ukafura na kulibeba daraja la barabara tuliyoitumia kwa mbio ndefu. Ng'ambo kulikuwa na zahanati, na wagonjwa walikuwa upande wetu. Wakaja askari wa uhandisi wa medani na malori yao, wakaanza kuunganisha daraja la chuma kipande kwa kipande. Nilisimama pale na nguo zangu za mazoezi, saa mkononi, nikawatazama wakishusha zile fremu na kuzibeba watu sita sita, kwa hatua moja, bila mtu kupaza sauti isipokuwa yule aliyekuwa akitoa amri. Siku iliyofuata gari la wagonjwa lilivuka. Askari hawakushangilia, walikuwa tayari wanakusanya vifaa vyao.

Nilikuwa na mwili uliofundishwa kuliko wa wengi wao. Mwaka ule mzima mwili huo ulikuwa ukitafuta sekunde mbili. Sisemi sekunde mbili ni kitu kidogo. Nimelia kwa ajili yake, na yeyote aliyewahi kuzitafuta hatazidharau. Lakini kuanzia siku ile, kila nilipokuwa nazunguka uwanja nilianza kujiuliza nguvu hizi zinamfikia nani zikishatoka kwangu. Swali hilo halikuondoka. Nililala nalo miezi kadhaa, nikitumaini lingepita kama yanavyopita maswali mengi ya msimu wa uchovu, na msimu ulipoanza kunyooka nikawa nakimbia vizuri huku bado ninalo.

Nilimweleza kocha baada ya mazoezi ya jioni, tukiwa tunakusanya koni uwanjani. Alikuwa amenilea kimichezo tangu nikiwa mwanafunzi.

"Mwanangu, umeumia?"

"Hapana, kocha."

"Kuna mtu amekukera kwenye timu?"

"Hapana. Nimefikiri tu."

Alinyamaza mpaka koni zikaisha. Kisha akasema, "Basi maliza msimu. Ukiondoka katikati, utaishi na mbio ambayo hukuikimbia. Ikimbie, halafu uende unakokwenda."

Nilimaliza. Katika mashindano ya taifa nilikuwa wa nne, kwa muda bora kuliko wote niliowahi kukimbia. Nawashukuru wote walionipa ushauri kipindi kile, lakini huo wa kocha ndio ninaowapa wengine bila kuubadilisha. Watu wanaoacha kwa sababu ya jeraha hupewa pole, na jeraha huwafungia mlango. Ukiacha ukiwa mzima, hakuna kinachokufungia. Inabidi uufunge wewe, na ni afadhali uufunge ukiwa umeshapita ndani yake mpaka mwisho.

Katika kipindi hicho hicho nilisoma sana habari za waliotangulia. Walter Tull alikuwa mchezaji wa kulipwa wa soka, aliyepitia Tottenham Hotspur kisha Northampton Town, alipojiunga mwaka 1914 na batalioni ya wanasoka katika jeshi la Uingereza. Kanuni za jeshi hilo ziliwazuia watu wasio wa asili ya Ulaya kuwa maofisa, naye baba yake alitoka Barbados. Hata hivyo alipandishwa kuwa ofisa mwaka 1917. Aliuawa vitani Ufaransa Machi 1918 na mwili wake haukupatikana. Pat Tillman aliacha soka la Kimarekani mwaka 2002, akaukataa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 3.6 na Arizona Cardinals, akajiandikisha yeye na ndugu yake Kevin, ambaye naye alikuwa akicheza besiboli ya kulipwa. Tarehe 22 Aprili 2004 aliuawa Afghanistan. Kwanza ilitangazwa kwamba aliuawa na adui. Wiki kadhaa baadaye ikakubaliwa hadharani kwamba risasi zilikuwa za wenzake, na familia yake ilipigania ukweli huo kwa miaka.

Habari ya Tillman ilinikaa moyoni kwa namna tofauti na ilivyowakaa wengine. Watu hunitajia jina lake kama sifa: na wewe umeacha medali ukaenda kutumikia. Lakini yeye mwenyewe alikataa kufanya mahojiano baada ya kujiandikisha. Hakutaka uamuzi wake ugeuzwe bango. Nilijifunza kwake kwamba mwanamichezo anayejiunga na jeshi ana jambo moja la kulinda zaidi ya wengine: watu watataka kuitumia sababu yake. Klabu itataka picha. Wanaoandikisha askari watataka picha. Hata ndugu zako watataka hadithi ya kusimulia kwenye harusi. Mimi niliombwa picha nikiwa nimevaa kombati na medali zangu shingoni, nikakataa kwa adabu, na kila nikikumbuka nafurahi kwamba nilikataa. Medali zile nilizipata kwa jasho la kazi nyingine.

Sasa nieleze depo, yaani mafunzo ya mwanzo ya askari, kwa sababu hapo ndipo wanariadha wengi wanapodhani watapumzika.

Mtihani wa kwanza ulikuwa kukimbia kilomita 2.4, umbali unaotumiwa na majeshi mengi kupima pumzi. Huo nilimaliza mapema mno, na koplo aliandika muda wangu bila kusema neno. Kesho yake asubuhi kwenye mchakamchaka akanitoa mbele akaniweka mkiani kabisa mwa platuni. Kazi yangu ikawa moja: asibaki mtu nyuma yangu. Mwanzoni niliona kama adhabu. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda, na mwendo ule wa polepole uliniumiza magoti kuliko mbio za kasi.

Halafu nikagundua kitu ambacho kocha wangu alinifundisha bila yeye wala mimi kujua kingetumika huku. Katika mita 1,500 unajifunza kumsoma mwenzako. Unasikia pumzi yake ikianza kukatika, unaona bega moja likipanda, mkono mmoja ukianza kuvuka kifua, na unajua kwamba mita hamsini zijazo ataachia. Hapo ndipo unapomshambulia. Mkiani mwa platuni nilikuwa naona ishara zile zile kwa watu waliokuwa hawajui bado kwamba wamechoka. Nilikuwa namjua atakayeanguka kabla yeye hajajijua. Basi nikawa nasogea pembeni yake mapema, namwambia ashushe mabega, apumue kwa kutoa hewa yote, atazame mgongo wa aliye mbele asitazame kilima. Mara nyingi ilitosha. Mara nyingine nilimsukuma kwa kiganja mgongoni mpaka juu. Ujuzi ulikuwa ule ule niliokuwa nao uwanjani. Kilichogeuka ni nia yake, na sijui kama kuna jambo lililonifurahisha zaidi katika depo nzima.

Mzigo ulinifundisha upande mwingine. Mkimbiaji wa masafa ya kati anaufundisha mwili usiwe na kitu cha ziada. Mabega yangu yalikuwa membamba, mikono yangu ilikuwa ya kunisaidia kupunga tu. Kanuni inayotajwa sana ni kwamba mtu asibebe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake kwa mwendo mrefu, lakini begi halijui uzito wa mbebaji. Redio ina kilo zake, maji yana kilo zake, risasi zina kilo zake, na mtu wa kilo hamsini anabeba vile vile vinavyobebwa na wa kilo themanini. Kulikuwa na wenzangu ambao hawakuwahi kushiriki mchezo wowote, waliokulia kazi za kubeba, na walinipita kwa mbali. Waliponiona nasota kujivuta kwenye bomba hawakunicheka. Walinionyesha namna ya kuukaza mgongo kabla ya kuvuta. Nikajenga mabega taratibu, kwa mwaka mzima, na kasi yangu ya uwanjani ikaondoka kadiri mabega yalivyokuja. Huwezi kuwa na vyote viwili. Anayekuambia unaweza hajawahi kufanya vyote viwili.

Mifupa ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko yote. Mwaka 1855 daktari mmoja wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza hali ya miguu iliyovimba na kuuma kwa askari waliotembea sana. Mashine ya eksirei ilikuwa haijavumbuliwa. Ilipokuja, ikaonekana kwamba mingi ya miguu ile ilikuwa na nyufa ndogo kwenye mifupa, nyufa zisizotokana na kuanguka bali na kurudiarudia. Mfupa hubomoka kidogo na kujijenga upya unapotwishwa kazi mpya. Kazi ikiongezeka haraka kuliko ujenzi, unapasuka. Mwanariadha anadhani yuko salama kwa kuwa amekimbia maelfu ya kilomita. Kwa kiasi ni kweli. Lakini mifupa yake imezoea viatu laini, uwanja laini, na mwili usio na begi. Buti, kwata la kupiga kisigino sakafuni na mzigo ni kazi mpya kabisa.

Kwa wanawake kuna jambo jingine, na nitalisema wazi kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Miaka yangu mingi ya mbio nilikuwa nakula chini ya ninachotumia. Haikuonekana kama njaa. Ilionekana kama nidhamu. Hedhi yangu ilikatika kwa vipindi virefu na kila mtu, mimi nikiwemo, alichukulia kuwa ni kawaida ya mkimbiaji. Si kawaida. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii, upungufu wa nishati kwa mwanamichezo, ikieleza kwamba inadhoofisha mifupa, homoni, kinga na moyo, na kwamba inawapata wanaume pia. Binti anayetoka kwenye hali hiyo akaingia moja kwa moja kwenye mzigo na buti anaingia na mifupa ambayo haina akiba. Katika bweni letu aliyepata ufa wa nyonga hakuwa yule mnene aliyekuwa akihema kwenye kila kilima. Alikuwa mwanariadha mwenzangu. Alirudishwa nyumbani kwa magongo.

Mimi niliponea mezani. Depo ilinilisha na kunilazimisha kumaliza sahani, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilikula bila kuhesabu. Baada ya miezi kadhaa hedhi ikarudi, na ikaendelea kurudi kila mwezi. Nilikaa kitandani siku ile nikashukuru. Sikujua mpaka wakati huo kwamba nilikuwa nimeishi kwa kukopa mwilini.

Usingizi, kwa upande mwingine, ulikuwa wa kukatwakatwa. Mkimbiaji hulala kwa muda wa saa tisa usiku na kuongeza usingizi wa mchana, na hiyo ni sehemu ya mazoezi kama vilima. Jeshini kuna lindo, kuna zamu, kuna filimbi. Nilidhoofika kwa hilo kuliko kwa mbio zozote, na sina mbinu ya kumpa mtu isipokuwa kulala kila dakika inayoruhusiwa, hata dakika kumi ndani ya lori ukiegemea begi lako.

Nilipangiwa uhandisi wa medani, niliouomba. Na huko nikakutana tena na zile fremu nilizoziona mtoni. Zinatokana na daraja lililobuniwa na mhandisi Mwingereza, Donald Bailey, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na majeshi mengi bado yanafundisha kwa mtindo wake. Paneli moja ina urefu wa mita tatu hivi na uzito wa kilo 260 hivi, na imebuniwa ibebwe na watu sita kwa mipini inayopitishwa ndani yake. Hakuna mashine inayohitajika. Ndiyo akili ya daraja lile: lijengwe na miili ya kawaida mahali ambapo winchi haifiki.

Gawanya kilo 260 kwa watu sita, kila mmoja anapata kilo arobaini na tatu hivi. Lakini hiyo ni pale tu wote sita wamesimama sawa. Mmoja akiinua mapema, uzito unamwangukia jirani yake. Mmoja akiharakisha, anayetembea kinyumenyume anajikwaa. Kwa hiyo katika kubeba paneli, mtu mwenye nguvu nyingi asiyejizuia ni hatari kuliko dhaifu anayefuata amri. Mimi nilikuwa yule wa kwanza. Nilikuwa nimezoea kutoa kila nilichonacho, na kutoa kila nilichonacho ndiyo sifa niliyosifiwa nayo maisha yangu yote ya riadha. Sajini aliyetufundisha aliniambia kitu ambacho nilikiandika kwenye daftari jioni ile: "Hapa hatutaki bidii yako, tunataka bega lako liwe kwenye kimo cha mwenzako." Alinipanga na watu wa kimo changu, akanizuia kusema, akanifanya nisikilize amri moja baada ya nyingine mpaka mwili wangu ukajifunza kusubiri. Wanamichezo wa mpira, wa kupiga makasia, wa mbio za kupokezana vijiti huenda wakalipokea hilo kwa urahisi. Kwa aliyekuwa akikimbia peke yake, kusubiri ni mazoezi mapya kabisa.

Na kuna usiku ambao nililielewa suala la tarehe. Nilikuwa nimerudi kutoka likizo, nina kikohozi, sijakimbia kwa majuma mawili, mabega yamelegea. Kwa kipimo cha kocha wangu nilikuwa mbali na kilele kuliko wakati wowote wa mwaka ule. Filimbi ikalia. Mto ulikuwa umekata barabara na kuna kijiji kilichobaki ng'ambo bila njia. Tulifika gizani, mvua bado inanyesha, tukaanza kubeba kwa mwanga wa taa za malori. Hapakuwa na kupasha misuli moto. Hakuna aliyeuliza mwili wangu ulikuwa katika awamu gani. Nilikohoa na kubeba, nikakohoa na kubeba, na kikosi kilipochoka tukapokezana. Kulipokucha nilikuwa bado nimesimama, na nilikuwa na kitu cha kutoa bado, kidogo lakini kipo.

Mwili wa askari hautengenezwi uwe bora. Unatengenezwa usiwe chini ya kiwango fulani siku yoyote utakapoitwa, mgonjwa au mzima, umelala au hukulala. Kocha hutafuta kilele. Jeshi hujali sakafu. Nilipoelewa hivyo nilianza kujifundisha kwa namna nyingine: sikujichosha tena mpaka mwisho, niliacha akiba, nilishughulikia maumivu madogo siku ile ile yalipoanza. Kuna jambo nililolipoteza hapo, na sitaki kulificha. Ile hisia ya kusimama kwenye mstari ukiwa tayari kuliko wakati wowote wa maisha yako, hiyo sitaipata tena.

Huzuni yake haikuja siku niliyoondoka. Ilikuja zaidi ya mwaka baadaye, tukiwa kwenye ukumbi wa kambi, runinga ikionyesha fainali ya wanawake ya mita 1,500. Msichana niliyekuwa nikishindana naye, ambaye nilimshinda mara nyingi kuliko alivyonishinda, alikuwa kwenye mstari. Wenzangu walimshangilia kwa sababu niliwaambia namfahamu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, miguu yangu ilikaza chini ya meza. Nilitoka nje kabla ya mbio kuisha. Luteni wetu alinikuta nje, hakuniuliza kitu, akasema tu kwamba alikuwa bondia kabla ya kujiunga na kwamba hadi leo hatazami pambano la uzito wake. Tulizungumza mpaka muda wa kulala. Ndipo nikajua kwamba jeshi limejaa watu walioacha kitu: muziki, shule, mpira, ukulima wa familia. Nilidhani niko peke yangu kwa sababu riadha ilinizoesha kufikiri hivyo.

Kwa wanaofikiria njia hii, kuna mambo ya kufanya kabla ya kuapa. Soma mkataba mwenyewe, usisomewe: muda wa kutumikia, muda wa kubaki askari wa akiba baada ya hapo, na nani anaamua utapangiwa kazi gani. Kama tumaini lako la siri ni kuchukuliwa kwenye timu ya jeshi, liulize kwa maandishi, kwa sababu ahadi ya mdomo ya anayeandikisha haimfungi kamanda utakayempata. Pima wingi wa madini kwenye mifupa kama umewahi kukosa hedhi kwa miezi, na mwambie daktari wa jeshi ukweli hata kama unaogopa kukataliwa. Miezi mitatu kabla ya depo anza kutembea na buti na begi, ukiongeza mzigo kidogo kidogo, na upunguze mbio za kasi. Jifunze kujivuta kwenye bomba.

Na kama wewe ni mwanamichezo wa kiwango cha juu uliye kwenye orodha ya kupimwa dawa zilizokatazwa, peleka barua ya kustaafu kwa shirikisho lako na kwa wakala wa kupambana na dawa hizo kabla hujaingia depo. Wengi hawalijui hili. Ukiwa kwenye orodha unatakiwa kutoa taarifa ya mahali ulipo kila siku, na kukosea mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa linaloweza kukufungia hata kama hujawahi kumeza kitu. Depo nyingi hukusanya simu siku ya kwanza. Ukistaafu rasmi, wajibu huo unakoma. Ukitaka kurudi kushindana, kanuni inataka utoe taarifa ya maandishi miezi sita kabla na uwe tayari kupimwa kipindi hicho chote.

Kurudi kunawezekana. David Robinson wa mpira wa kikapu Marekani alichaguliwa wa kwanza kabisa na klabu ya San Antonio Spurs mwaka 1987, akatumikia jeshi la majini miaka miwili, akaanza kucheza mwaka 1989 na kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995. Ted Williams wa besiboli alipoteza karibu misimu mitano kwa vita viwili, akaruka safari 39 za vita nchini Korea, akarudi na kuendelea kucheza hadi 1960. Lakini hao walikuwa na michezo inayosubiri na vilabu vilivyowasubiri. Mita 1,500 haimsubiri mtu, na miaka ya ishirini na kitu ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa na uwanja na inayotakiwa na jeshi. Anayeniuliza humwambia aamue kana kwamba hatarudi. Kisha aandike ile barua ya kustaafu kwa mkono wake, aisome kwa sauti mbele ya kocha wake, na kama hawezi kuimaliza, asubiri msimu mmoja zaidi.